Jinsi Dolphine Alivyoteka Vyumba Viwili vya Mombasa

Sogeeni, enyi watu wa Kitengela, ninyi mnaoanua nguo kabla vumbi halijafika, acheni beseni mje msikie habari za Dolphine mke wa Ondiek, Simba-jike wa Ploti ya Nyuma, jinsi alivyowatafutia wanawe watatu malazi ya likizo Mombasa bila kumwaga damu ya ukoo.

Maana vita vilikuwa vikali. Upande mmoja palikuwa na nyumba ya kukodi aliyoiona kwa simu, vyumba viwili na bwawa la kuogelea. Upande wa pili alisimama Anti Ajwang wa Changamwe, dada mkubwa wa Ondiek, ngome isiyobomoka, ambaye kwake wageni hulala sakafuni wamepangwa kama samaki. Na sheria yajulikana: ukilipia chumba katika mji ulio na ndugu, umemtukana, na hata kwa matanga yako hatakuja.

Ondiek, mshinda-foleni wa barabara ya Mombasa, alipoombwa aongee na dada yake, alikumbuka ghafla kwamba gari lataka kuoshwa.

Ndipo Dolphine akaketi, akamenya viazi vyote akifikiri, akapangusa mikono, akashika simu, akanena.

"Anti, tunakuja. Lakini nikufiche nini? Opiyo bado anakojoa kitandani. Na vile uko na sofa mpya."

Opiyo, mwana wa miaka tisa, aliyeiacha kazi hiyo zamani, akafungua kinywa. Mama akamtupia jicho. Kinywa kikafungwa kama lango la mji.



"Mama Opiyo," akasema Ajwang, "si mtafute mahali ingine. Sijawafukuza. Lakini hiyo sofa hata plastiki sijatoa."

"Ukishasema, Anti, mimi ni nani nikatae?"

"Na huko mtaenda kuko na vyumba ngapi?"

"Viwili."

"Na swimming?"

Dolphine, asiyedanganya mara mbili kwa simu moja, akakiri iko.

"Basi nakuja niwasaidie na watoto. Nitalala na wasichana."

Andikeni, enyi waandishi. Katika ukoo wote hakuna mke aliyewahi kulipia chumba Mombasa kwa amri ya wifi yake mwenyewe, ila Dolphine. Watoto walipata vitanda, undugu ukabaki mzima, na Ajwang akaogelea na leso kifuani siku tatu, akitolewa majini kwa kuitwa chakula tu. Kuhusu Ondiek, ambaye vitanda havikumfikia, historia haisemi kitu.