Patron Wangu wa Uvira Alipokea Simu

Bandugu ba kambi ya Nakivale, musogee karibu, na mwenye iko na chai mukononi aiweke kwanza chini. Leo nimepata haya ile siwezi kuitosha mu mwili hata nikioga siku tatu.

Munanijua, mimi ni mupishi. Kule Uvira nilipika mu restora ya batu bakubwa. Sambusa zangu zilifanya batu basahau njia ya kurudi kwabo. (Sawa, mutu mumoja. Na alikuwa amelewa.)

Sasa, hoteli moja ya Mbarara, kule Kamukuzi, inatafuta mupishi. Nikaenda kwa mama wa fotokopi hapa kambini aniandikie sivi, ile karatasi ya kuombea kazi. Akaniambia, "Papa Deo, weka namba ya patron wako wa zamani, bosi wa Uvira, ba hoteli bamuulize juu yako."

Patron wangu, tulipokimbia vita, alienda fasi ingine. Namba yake ilikufa.

"Basi weka ya mutu anapokeaka simu mbio."

Nakivale muzima, anayepokea mbio kuliko bote ni bibi yangu wa ndoa, Furaha. Nikaandikisha: Furaha, patron, restora ya Uvira. Kumuambia Furaha mwenyewe, nikasahau kabisa.

Leo asubuhi niko mbele ya mukubwa wa hoteli, mama mumoja Munyankore. Anasoma pole pole, ananiita bwana kwa luga yabo. "Sebo, karatasi yako iko muzuri. Ngoja napigia bosi yako."

Akaweka simu kwa meza, sauti yote inje. Bapishi babili bamesimama kwa mulango, banasikia. Nikatoka jasho ya kujaza jerekani.

"Halo, wewe Furaha? Nauliza juu ya Deo. Anajua kupika?"

"Deo gani? Huyu bwana yangu?"

Mama akaniangalia. Mimi nikaangalia dari.

"Huyu Deo mupishi," akasema.

"Kupika? Mama, tuko na miaka kumi mu nyumba, hajawahi kuwasha makala ya jiko. Anasemaka jiko ya nyumba ni ya banamuke. Juzi nilikuwa mugonjwa, akakaa na njaa, akaniangalia tu mpaka nikaamuka."

(Ni kweli. Kwetu mwanaume anapika kazini. Nyumbani anaketi.)

Bapishi ba mulango banacheka mpaka mumoja amekaa chini. Nikaeleza, nikaapa, nikataja hata zile sambusa. Mukubwa akafuta machozi, akarudi kwa simu, akamuita Furaha mama kwa luga yake.

"Nyabo, sikia. Deo atapika kwako wiki moja. Wewe ukisema chakula iko muzuri, mimi nampa kazi."

Furaha akajibu mbio.

"Wiki moja ni kidogo, mama. Weka mwaka."