Kuhusu Namba Saba Niliyompa Dada Yako

Kwa Shemeji, fundi wa kompyuta,
Karakana ya nyuma ya duka la viatu.

Shemeji mpendwa,

KUHUSU: KOMPYUTA ULIYOITENGENEZA KUNIVUNJIA NYUMBA

Natumaini hujambo na karakana inaendelea vizuri. Mimi si mzima sana, na chanzo ni wewe.

Unaikumbuka ile kompyuta yangu ya zamani, nzito kama jiwe la kusagia, niliyopewa ofisini nilipostaafu. Kila nilipopiga muziki, printa ilikwama katikati ya mstari. Ukaifungua, ukapuliza vumbi, ukanieleza kwamba kila kifaa kina namba yake ya kukatiza, kama kengele ya kumwita mkubwa wa mashine aache kazi akisikilize. Namba ndogo husikilizwa kwanza. Sifuri ni ya saa ya ndani, na hiyo ikipuuzwa mashine nzima inaganda. Kumbe kadi ya sauti na printa zote zilipewa saba, kwa hiyo mkubwa hakujua nani kamwita. Ukahamisha kidude cha plastiki, kadi ikapata tano, kazi ikaisha. Nilikushukuru, na sasa najuta.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Ulinieleza vizuri mno. Nilifika nyumbani nikiona wazi kwamba miaka yote ya ndoa nimekatizwa bila utaratibu. Jioni hiyo hiyo nikatangaza namba: taarifa ya habari moja, Kamati ya Maji ya Mtaa mbili, usingizi wangu wa mchana tatu, na kuendelea. Dada yako alipata saba. Kwamba printa nayo bado iko saba, hukunikumbusha.

2. Jumamosi nilikuwa nachapa ripoti ya Kamati kuhusu upotevu wa maji. Dada yako akasimama mlangoni, akaanza kusema. Papo hapo printa ikalia. Saba wawili kwa mpigo! Kwa kufuata mafundisho yako sikujua nani kaniita, nikatazama ukuta. Akarudia, nikaendelea na ukuta. Akaondoka zake.

3. Alitaka kusema kwamba nimeacha bomba la bafuni wazi. Maji yalipita kwenye korido yakaingia chumba chake cha kushonea, yakalowesha sare za kwaya nzima alizokuwa amezipanga sakafuni. Ripoti ilitoka safi, kurasa zote. Maana yake mashine uliitengeneza sawasawa, na hapo ndipo uzito wa kosa lako ulipo.

4. Nilimtuliza kwa kumwambia kwamba ni hitilafu ya kiufundi na kwamba atahamishiwa tano. Alifunga cherehani yake kwa shuka akaenda kwa mama yenu. Tangu hapo hakuna anayenikatiza. Nakaa mbele ya skrini nikimaliza kila sentensi yangu, na hakuna wa kuisikia. Shemeji, naumia.

Kwa hiyo naomba umwandikie dada yako, kwa mhuri wa karakana, kwamba mumewe ni mzima isipokuwa ana mgongano wa namba. Pili, uache kuwaeleza wateja jinsi mashine zinavyofanya kazi, watengenezee, waende. Tatu, kama kuna kidude cha plastiki cha kumrudisha mke, nipo tayari kufungiwa mimi.

Nisalimie watoto, jirani yako fundi viatu, na mama mkwe. Mwambie mama asimwandalie dada yako chumba kizuri sana.

Wako katika majonzi,
Shemeji yako,
Katibu, Kamati ya Maji ya Mtaa.

Tanbihi: Haya naandika kwa kalamu. Barua ilikuwa inamalizika kuchapwa dada yako alipoingia kuchukua mkasi wake. Akasema neno, printa nayo ikalia. Nikachomoa waya wa printa ukutani nikamgeukia. Alisema bomba la bafuni liko wazi tena. Tumepiga deki pamoja, na cherehani inarudi kesho. Madai yote nimeyafuta. Printa ibaki na saba yake. Dada yako nimempa sifuri. Nilipoanza kumweleza maana ya sifuri alinikatiza, akaniambia nishike ndoo. Nikaishika.