Mgonjwa Aitwaye Shemeji

Asali alikuwa amepita mbele ya duka la dobi mara nyingi bila kugeuza shingo, maana mtu mwenye shati moja hana shughuli na dobi. Siku hiyo aligeuza. Kilichomgeuza ni mkoromo. Ndani, kati ya mvuke wa pasi na mashuka yaliyoning'inia, palikuwa na kapu la nguo mbele ya feni, na ndani ya kapu alilala mbwa mnene wa rangi ya chai ya maziwa. Uso wake ulikuwa mweusi, umebonyea, kana kwamba aliwahi kuukimbilia ukuta na ukuta ukakataa kusogea.

Wapo watu ambao wakimwona mbwa, wanaona mbwa. Asali aliona pagi, mbwa wa watu wenye mageti, aina aliyosikia inauzwa kwa bei ya pikipiki. Na nyuma ya kaunta alimwona mama wa makamo, kitambaa kichwani, akinyoosha kola kwa pasi huku akiimba wimbo wa ibada kwa sauti ya chini. Uso wake ulikuwa mtulivu kama sahani iliyooshwa ikafutwa.

"Mtu wa kuamini huyo," Asali alijiambia. Na watu wa kuamini, kwa hesabu zake, waliumbwa ili waamini.

Jina la Asali hakupewa na wazazi wake. Alipewa na watu aliowaliza, kwa kuwa kila mmoja wao, akiulizwa alitapeliwaje, alianza kwa kusema, "Jamani, maneno yake yalikuwa matamu." Lakini utamu haukuwa umemjengea nyumba. Alikuwa analala kwenye kochi sebuleni kwa dada yake, na asubuhi ile ile dada alikuwa amelipangusa kochi vumbi huku yeye bado amelala juu yake.

"Mdogo wangu," dada alisema, "Jumamosi mama mkwe anakuja kukaa. Hapa atalala yeye."

"Na mimi?"

"Wewe ni mtu mzima. Mtu mzima ana kwake."

Kwake kulikuwapo, tatizo ni kwamba bado kulikuwa kwa mtu mwingine. Nyuma ya duka la rangi palikuwa na chumba kizuri, dirisha linafunguka, mlango una kufuli lake. Mwenye nyumba alitaka kodi ya nusu mwaka mkononi ndipo atoe ufunguo. Asali alikuwa na nusu ya hiyo kodi, ameificha ndani ya soksi aliyoivaa. Nusu nyingine, sasa aliiona, ilikuwa inakoroma kapuni.

Alirudi mchana akiwa daktari. Udaktari wake ulikuwa koti jeupe aliloliazima kwa muuza nyama, na kalamu mfukoni. Kabla hajasalimia, mbwa aliamka, akaruka kutoka kapuni, akaanza kuramba pindo la koti kwa mapenzi yasiyo na kifani.

"Wagonjwa hunitambua," Asali alisema, akimsukuma polepole kwa goti. "Shikamoo mama. Mimi ni daktari wa wanyama. Nimesikia pumzi ya huyu nikiwa barabarani, nikasema siwezi kupita. Samahani, uso wake umebonyea tangu lini?"

Mama Dobi aliisimamisha pasi. "Kwani umebonyea?"

"Mama yangu! Pua iko wapi?"

"Nilidhani ndivyo alivyo."

"Ndivyo wanavyodhani wote, mpaka siku ya kilio." Asali alichuchumaa, akafunua mikunjo ya uso wa mbwa, akatikisa kichwa kwa majonzi. "Ngozi imelegea. Macho, ona macho, yanatafuta pa kutokea."

Dukani walikuwamo wateja wawili, mlinzi aliyefuata sare yake na mama mmoja mwenye furushi la mapazia. Wote wawili waliinama kuangalia. Mtu akiinamishwa na daktari, huona ugonjwa.

"Na mkia?" mlinzi aliuliza. "Mbona umejikunja?"

Asali alishusha pumzi. "Hapo ndipo penyewe, ndugu yangu. Ugonjwa huanzia puani. Umeshuka mgongoni, umefika mwisho, umekosa pa kwenda. Sasa umegeuka, unarudi."

"Maskini!" alisema mama wa mapazia.

"Anaitwa nani?"

"Shemeji," alijibu Mama Dobi.

"Shemeji?"

"Mpangaji wangu alihama akamwacha. Alikuja kama mgeni. Anakula, analala, anakoroma, hachangii kitu, na ukimwambia ondoka anakutazama kwa huruma. Wewe ungemwitaje?"

Asali alihisi kitu kama kichomi, akakipuuza.

"Dawa yake ipo?" Mama Dobi aliuliza.

"Ipo, hospitalini kwangu. Lazima nimchukue."

"Na gharama, mwanangu? Mimi ni wa kufua tu."

Hapo ndipo palipotakiwa ustadi. Tapeli mdogo angedai hela akazua mashaka. Asali aliweka mkono kifuani, akainua macho hadi kwenye balbu. "Mama, sichukui hata senti. Hii ni sadaka yangu. Nitamtibu kwa gharama zangu mwenyewe mpaka apumue kama wewe na mimi."

"Mmesikia?" Mama Dobi aliwageukia wateja wake.

"Tumesikia," alisema mlinzi.

"Kwa gharama zake," alisema mama wa mapazia.

"Mungu naye amesikia," alisema Mama Dobi, akampa Asali kapu, kitambaa laini na feni. "Joto hawezi. Na hiyo mikunjo umfutie kila siku, umkaushe vizuri, la sivyo hunuka."

Asali aliondoka na mbwa mikononi, feni kwapani, akifurahi moyoni. Mpango ulikuwa mwepesi. Angemuuza yule mbwa kesho, kisha angerudi kwa dobi kichwa chini, aseme mgonjwa amefariki, na kwa kuwa maradhi yanaambukiza, ameteketezwa. Angeweza hata kutoa chozi. Machozi alikuwa nayo ya akiba.

Dada yake alipofungua mlango, alimtazama mbwa, akamtazama ndugu yake. "Nimekwambia utoke, wewe umeongeza mwingine?"

"Ni wa kesho tu, dada."

"Na wewe ulikuwa wa kesho tu."

Mbwa alipanda kwenye kochi, akazunguka, akalala katikati. Asali akabaki na ukingo. Shemeji alikula mkate wa Asali, kisha karatasi ya mkate, kisha akamkalia mguuni, upande wa soksi yenye hela, akamtazama usoni kwa macho yale makubwa kama mtu anayengoja kuelezwa jambo. Asubuhi Asali alijikuta ameshika kitambaa, anafuta mikunjo. Alifanya hivyo kwa ajili ya soko. Bidhaa lazima iwe safi.

Habari za mbwa wa kuuza alikuwa ameshazisambaza kwenye vibanda vya simu na saluni, na kabla ya adhuhuri mteja alifika kwa gari. Alikuwa bibi mnadhifu mwenye miwani ya jua iliyofunika nusu ya uso. Hakukaa, hakunywa maji. Alimshika mbwa kidevu, akamchungulia puani.

"Matundu yamebana," alisema Bibi Miwani. "Hawa nimewafuga, nawajua. Huyu akipigwa na jua anazimia. Mpeleke kwa daktari wa wanyama amfungue pua. Akipumua vizuri, nakulipa mara mbili ya bei uliyotaja."

"Mara mbili?"

"Mara mbili. Kama alivyo sasa, simchukui hata kwa bure."

Gari likaondoka. Asali alicheka peke yake. Yaani atoe hela ya chumba kupasua pua ya mbwa! Wanunuzi wapo wengi, si lazima wote wajue kuchungulia. Alimfunga Shemeji kamba, wakashika njia ya mtaa wa mageti makubwa, jua likiwa kichwani kabisa.

Hawakufika. Karibu na ukuta wa kwanza mrefu, Shemeji alianza kupumua kama msumeno unaokata bati. Kisha alikaa. Kisha alilala ubavu, ulimi nje, na ulimi ule ukawa na rangi ambayo ulimi hautakiwi kuwa nayo.

"Aa, Shemeji, usinifanyie hivyo," Asali alisema. "Inuka bwana. Inuka, watu wanatutazama."

Mbwa hakuinuka. Nadhani wengine wangemwacha palepale. Hakuna aliyemjua Asali mtaa ule. Yeye mwenyewe baadaye alishindwa kueleza kwa nini alimmwagia maji aliyomnyang'anya mpita njia, akamkumbatia, akakimbia naye huku koti la bucha linapepea, akiuliza kila aliyekutana naye, "Daktari! Daktari wa kweli yuko wapi?"

Daktari wa kweli alikuwa dada mmoja mwenye mikono mikubwa na maneno machache. Alimpoza mbwa kwa maji na upepo, akamwekea hewa, ndipo akamgeukia Asali.

"Wewe ni nani kwake?"

"Mimi... ni daktari mwenzako."

"Daktari wa nini?"

"Wa jumla."

Daktari alinusa hewa. "Koti lako linanuka maini. Sikiliza. Amezaliwa na matundu membamba, na kooni nyama imezidi. Nikimfungua atapumua. Nikimwacha, jua jingine kama la leo litammaliza. Amua."

"Ni gharama kubwa?"

Daktari akamtajia.

Asali alikaa chini, akavua kiatu, akavua soksi. Alijiambia kwamba ni biashara tu, kwamba mara mbili ni mara mbili, na kwamba Bibi Miwani atarudisha yote na chenji. Lakini walipomwambia asubiri nje, alikaa kwenye benchi mguu mmoja mtupu, kitambaa cha kufutia mikunjo kimeshikwa magotini, midomo inachezacheza. Mpita njia angedhani anaomba. Huenda alikuwa anaomba. Mwenyezi Mungu hachagui sauti.

Mbwa alitoka salama. Siku zilizofuata Asali alimlisha chakula laini kwa kijiko, akamzuia kuruka, akamwekea feni. Shemeji alilala bila kukoroma, mpaka dada akaja kumgusa kuona kama yu hai. Na Bibi Miwani alipopata habari, aliahidi kuja Jumamosi.

Jumamosi mama mkwe alifika kwanza. Alikalia kochi, akavua viatu, akanyoosha miguu, na kochi likawa lake. Begi la Asali lilikuwa tayari mlangoni. Gari lilipopiga honi alinyanyua mbwa upande mmoja na begi upande wa pili, akili yake imeshafika nyuma ya duka la rangi.

Mlango wa gari ulifunguka, akashuka Bibi Miwani. Nyuma yake akashuka mlinzi. Nyuma ya mlinzi, mama wa mapazia. Na mwisho kabisa, akitengeneza kitambaa chake kichwani, akashuka Mama Dobi.

"Amepona!" mama wa mapazia alipiga kelele, kisha akapiga vigelegele, na majirani wakatoka.

Shemeji alichomoka mikononi mwa Asali, akamkimbilia Mama Dobi.

"Msikilizeni anavyopumua!" alisema mlinzi. "Mimi nilishuhudia, alisema kwa gharama zake, na kweli!"

"Daktari ni huyu huyu anayelala kochini?" aliuliza mama mkwe dirishani. "Mbona hamkuniambia nyumba hii ina daktari?"

Asali alimsogelea Bibi Miwani. "Mama, tulikubaliana... ile bei..."

"Bei ya nini?" Bibi Miwani alivua miwani, na chini yake palikuwa na macho ya Mama Dobi, ila makali zaidi. "Nimnunue mbwa wa dada yangu? Kutoka kwa daktari wake? Daktari anauza wagonjwa?"

Watu walimtazama Asali. Mlinzi alikuwa amevaa sare, na sare ilikuwa imenyooshwa vizuri. Asali aliona kwamba pale palikuwa na milango miwili tu, ama ni daktari, ama ni mwizi.

"Nilikuwa nakutania, mama," alisema. "Huduma ni bure."

Vigelegele tena. Watu walipoanza kumpokezana mbwa, Mama Dobi alimvuta Asali pembeni, kwenye kamba ya nguo.

"Mama, ulijua?"

"Mwanangu, lile koti nalifua mimi. Kila wiki. Lina kiraka kwapani nilichokishona kwa mkono huu." Sauti yake haikupanda wala kushuka. "Daktari yule yule uliyempelekea alishaniambia zamani hiyo pua ifunguliwe, na mimi sina uwezo. Nikamwomba Mungu alete njia. Sikujua njia itakuja imevaa koti la bucha."

"Na kama ningekimbia naye?"

"Mlinzi alikufuata mpaka mlango huu siku ile ile. Ningekuja na polisi. Lakini nilisema, tumpe nafasi, huenda kuna kitu ndani, nikamtuma ndugu yangu ajifanye mnunuzi." Alinyoosha kola ya shati moja kambani. "Daktari wa kweli ameniambia ulivua soksi."

Asali aliutazama mguu wake, ule wa soksi ya hela.

"Nasikia huna pa kulala," Mama Dobi aliendelea. "Nyuma ya duka pana stoo. Kazi ipo. Mikunjo ifutwe asubuhi na jioni, atembezwe kabla jua halijawaka, asinenepe. Ukimaliza, unafikisha nguo kwa wateja. Na mdomo wako nauhitaji kaunta, wapo watu hawalipi kwa wakati."

Dirishani alionekana mama mkwe kochini, amegeukia upande wa pili, amejifunika shuka. Asali alilinyoosha koti la muuza nyama kwa kiganja, akakohoa kidaktari.

"Kwa kweli, mgonjwa bado ni dhaifu. Inafaa niwe karibu."

"Ndivyo nilivyowaza."

"Stoo ina godoro?"

"Lipo."

"La mtu mmoja?"

"Mmoja na nusu," alisema Mama Dobi, akielekea kwenye gari. "Ukutani analala Shemeji."