Upande Wangu wa Ndevu za Shemeji

Jumatatu, 6 Mei

Shemeji, mume wa dada yangu na mwenye saluni hii, katangaza kuwa anafungua nyingine. Funguo atampa mmoja kati ya vinyozi wake wawili: mimi, au huyu wa kiti cha mlangoni tunayemwita Taratibu. Nilidhani undugu umemaliza kazi. Kumbe Ijumaa atakaa kitini tumnyoe ndevu, mimi shavu la kulia, Taratibu la kushoto. Atakayemridhisha ndiye. Dada kaniambia nisimtie aibu. Sijui ana wasiwasi gani.

Jumanne, 7 Mei

Taratibu kanoa wembe tena. Kila asubuhi, hata chai hajanywa, anaupitisha kwenye mkanda wa ngozi, kwenda na kurudi. Nikamwambia utaisha abaki na mpini. Akasema wembe ukianza kuvuta nywele badala ya kukata, ujue umeshachelewa. Eti yeye anausikia kwa sauti: ukiwa mzima unakwaruza vizuri, ukichoka unanyamaza. Mtu mzima, anasikiliza chuma. Wangu sijaunoa tangu mwaka uanze na kazi inakwenda. Siri ni mkono. Unakandamiza tu.

Jumatano, 8 Mei

Mwalimu mstaafu katokwa machozi nikimnyoa. Nikampa pole, nikamuuliza nani kafariki. Akasema hakuna, ni wembe. Kaomba amaliziwe na Taratibu. Nimemsamehe, ana ngozi ya kudeka.

Lakini huenda makali yamepungua. Kidogo. Sasa ninoe mbele ya Taratibu? Ajue nimesalimu amri? Thubutu.

Alhamisi, 9 Mei

Nimepata. Nyembe zetu ni pacha, mipini myeusi, Shemeji alizinunua pamoja. Kesho Taratibu akienda jikoni kuchukua maji ya moto, nabadilisha. Mimi mkali, yeye butu. Dada kauliza mbona nacheka peke yangu na chakula mdomoni. Nikasema nimekumbuka kitu.

Ijumaa, 10 Mei

Nimebadilisha. Hakuna aliyeona. Taratibu kaanza. Kapitisha mara moja tu, akasimama. Kautazama wembe, kanitazama mimi. Kamwomba radhi Shemeji, katoa jiwe, kanoa, kamalizia kwenye mkanda, kajaribu kwenye vinyweleo vya mkono wake. Muda wote huo Shemeji kakaa na povu usoni, hata akasinzia. Shavu la kushoto likatoka laini.

Zamu yangu. Nikaushika wembe kama siku zote, nikakandamiza kama siku zote. Shemeji karuka. Povu likawa jekundu. Nikamwambia atulie, ni mkwaruzo. Haukuwa mkwaruzo. Dada kaja na taulo, na maneno yake.

Funguo kapewa Taratibu. Imeniuma sana. Nilikuwa nimeshachagua ukuta wa kutundika kioo changu. Shemeji kasema, kwa upande wa mdomo unaofunguka, kwamba hata mtu baki asingemtenda hivi.

Jumamosi, 11 Mei

Taratibu kahamia saluni yake mpya. Kabla hajaondoka kanirudishia wembe wangu, kachukua wake. Kaniambia kwa upole niwe nanoa mara kwa mara, na nipunguze mkono. Eti mkono wangu umezoea wembe butu, ndiyo maana ule mkali umezama. Nikaitikia.

Nimekaa nikalitafakari jambo hili kwa kina. Wembe butu haujamkata mtu mwaka huu wote. Mkali umekata siku ya kwanza. Sasa mwenye makosa ni nani? Na huu wangu, kwa kiherehere chake, Taratibu kauacha unang'aa. Nimeusugua kwenye ngazi ya saruji pale nje mpaka hatari ikaisha.

Shemeji yuko nyumbani na bandeji, kwa hiyo saluni niko peke yangu. Mchana kaja baba yake mzazi, anataka ndevu zitoke. Kaliona shavu la mwanawe, kwa hiyo kakaa kwenye ncha ya kiti, viatu vimeelekea mlangoni. Nimemwegemeza taratibu, nimempaka povu, nimemwambia asiwe na wasiwasi, mzee wangu, wembe huu haukati kabisa.