Marahaba Niliyomtupia Mama Mkurugenzi

Jamani, leo aibu imenikuta mchana kweupe.

Mnajua mimi ni afisa utumishi hapa Dodoma. Leo ilikuwa zamu yangu kutoa mada kwa wenzangu: namna ya kutambua na kudhibiti msongo wa mawazo kazini. Nikiiweza, Mama Mkurugenzi atanituma nikaifundishe wilayani, kuanzia Kongwa. Naitamani kazi hiyo kuliko mshahara. (Sawa, baada ya mshahara.)

Basi nikajiandaa mpaka nikapitiliza. Usingizi nimeusahau. Jana nimeifokea printa kwa jina. Leo nimetoka nyumbani Nzuguni bila hata chai. Mtaalamu wa msongo huyo!

Ukumbini projekta ikagoma. Nikainamia kompyuta, jasho linanitoka. Wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo, watoto wa watu wenye adabu zao, wakaanza kuingia.

"Shikamoo dada."

"Marahaba."

"Shikamoo dada."

"Marahaba, kaeni mbele."

Kichwa sijainua. Mdomo ukawa unaitikia wenyewe. Mara projekta ikakubali, ukutani ikatokea slaidi yangu kwa herufi kubwa: DALILI YA MSONGO: KUWAJIBU WATU BILA KUWAANGALIA.

Nikafurahi! Mlango ukafunguka tena.

"Marahaba," nikasema, kabla hata sijaamkiwa. "Kaa hapo mbele, na simu uzime."

Viti vikasogea, watu wakasimama. Nikainua kichwa.

Mama Mkurugenzi! Yule mama wa Mvumi anayekaribia kustaafu, ambaye hata wakubwa wenzake humwamkia wakiwa wamesimama. Nami nimempa marahaba asiyoiomba, huku slaidi inanisuta mgongoni. (Ardhi ya Dodoma ni ngumu. Haikupasuka.)

Mama akaitazama slaidi. Akanitazama mimi. Akaweka pochi kwenye kiti, akapiga goti kidogo.

"Shikamoo, mwalimu."

Kisha akakaa mbele. Na simu akazima!

"Mama, shikamoo, naomba radhi, mimi..."

"Umekula?"

"Hapana, mama."

"Umelala?"

Nikatikisa kichwa. Machozi yalikuwa karibu, sitaki kuwadanganya.

Akawageukia watu. "Nilipokuwa mgeni kwenye cheo, kwa uchovu niliagana na bosi wangu kwenye simu kama vile ni mume wangu: 'Haya, na usisahau maziwa ya mtoto.' Kesho yake akaniletea maziwa, akaniambia niende likizo. Mleteeni mwalimu chai na chapati. Tutasubiri."

Wakasubiri kweli! Watu wazima na vyeo vyao wananiangalia ninavyotafuna. Angeweza kunimaliza pale pale, na hakuna ambaye angemlaumu. Badala yake alijishusha yeye ili mimi nisianguke. Huyo mama nampenda, na nasema hadharani. Mada zangu zote hazifikii lile goti lake.

Nikashiba, nikafundisha, nikapigiwa makofi. Mlangoni akaninong'oneza, "Kongwa utakwenda. Lakini kwanza kalale, mwanangu."

Nimeshukuru kwa mikono miwili. Tatizo ni kwamba tangu saa ile ofisi nzima, hadi mlinzi wa getini aliyemzidi baba yangu umri, inaniamkia, "Shikamoo, mwalimu!"

Naombeni msicheke. Na atakayeandika shikamoo hapo chini, simwitikii.