Shikamoo Mezani Inaniharibia Karata

Ndugu Meneja,

Natumaini barua hii itakukuta mzima na mwenye nafasi ya kusoma hadi chini. Mimi ni mzaliwa wa Kikatiti niliyeishi ugenini, Mwanza na kwingineko, kwa miaka arobaini na mmoja. Sasa ni mgane, mkazi wa Engutoto. Kila Jumamosi saa nane mchana hucheza poka katika kasino yako, kiti cha dirishani. Nalalamika rasmi kwamba pale mezani ninaheshimiwa, na heshima hiyo inanifanya nishindwe.

1. Poka nilijifunza kwenye simu, kwa jina la Kijana wa Kikatiti. Huko nikiongeza dau mara tatu, watu walitupa karata wakakimbia. Baadaye nikasoma kwamba ana kwa ana mambo hubadilika: watu wametoka makwao kuja kucheza, hawatupi karata ovyo, kwa hiyo mtu apunguze vitisho, asubiri karata nzuri, ndipo aweke dau kubwa. Niliyaandika yote daftarini. Hakuna ukurasa uliotaja shikamoo.

2. Watu huingia na kutoka, na kila anayeingia hunisalimu nikiwa nimeshika karata. Ludovick, muuza spea, amegundua jambo na kuwatangazia wenzake: "Baba akijibu marahaba tupu, kimbieni, ana karata. Akiuliza na habari za nyumbani, mfuateni, hana kitu." Ni kweli kabisa. Mwenye karata mbovu ana muda wa kuuliza habari za watu. Siku hizi Ludovick hutoka nje kila baada ya dakika kumi ili arudi kunisalimu upya.

3. Nikabadili mbinu. Nilipopata ree mbili, karata kubwa kuliko zote, nikamwuliza Lesian, anayekaa kiti cha pembeni yangu, habari za nyumbani kwa makusudi. Akanisimulia operesheni ya goti la mama yake, tangu alivyoteleza bombani hadi nyuzi za mwisho. Alipomaliza niliona aibu kumpandishia dau mtu mwenye mgonjwa. Nikatupa ree zangu.

4. Princess, mgawa karata wako, huwarushia wenzangu karata kwa ustadi wa kupendeza. Kwangu huzunguka meza, hupiga goti kidogo, kisha hunikabidhi kwa mikono miwili. Nilipomwomba arushe alinijibu, "Nikurushie baba kama namwagia kuku mahindi? Mama yangu akisikia je?" Akiwa bado ameinama, Lesian ameshaziona karata zangu zote mbili.

Kwa hiyo naomba shikamoo ziachwe mapokezi pamoja na helmeti za bodaboda. Naomba nirushiwe karata kama mtu asiye na watoto wala wajukuu. Tena naomba cheti chenye muhuri, kinachoeleza kuwa kila Jumamosi, saa nane hadi saa kumi na mbili, nina umri wa miaka ishirini na sita.

Nisalimie wote wa hapo, mlinzi wa getini na mama wa chai wasisahaulike.

Wako katika mchezo,
Gadiel S. Nnko

Baada ya kutia sahihi: Barua hii ilikaa mfukoni wiki nzima, maana kabla ya kukuletea nilimsomea Princess, naye akawaambia wenzake. Jumamosi nilipoingia hakuna aliyenisalimu. Karata zilirushwa, moja ikaniangukia mapajani. Nilifuata daftari langu neno kwa neno, na kufikia saa kumi na moja chipu zote za dau pale mezani zilikuwa mbele yangu. Nilipoinuka hakuna aliyeinuka. Nikarudi Engutoto, nikafungua mlango, na ndipo nilipokumbuka kwamba siku nzima sikuwa nimetamka marahaba hata moja, na hapo nyumbani hapakuwa na wa kunipa shikamoo niitikie. Tafadhali futa namba ya kwanza hadi ya nne, na cheti usigonge muhuri. Mwambie Ludovick atoke nje na kurudi mara nyingi apendavyo. Nami nikimwuliza habari za nyumbani, ajue nauliza kweli.