Ombi la Kuingiza Nchini Mashine ya Kupimia Karanga kama Maiti

Maabara ya Usalama wa Chakula,
Tamale.

Kwa Mheshimiwa Fiifi Ansah-Baidoo,
Mwenyekiti, Kamati ya Misamaha ya Ushuru wa Vifaa vya Utafiti,
Accra.

Mheshimiwa Mwenyekiti,

Pokea heshima zangu, pamoja na shukrani za maabara yetu kwa jinsi Kamati yako inavyolinda viwanda vya nchi hii, hata vile ambavyo havijajengwa.

Mimi ni Dzifa Akorli, mwalimu wa kemia chuo kikuu hapa Tamale. Tangu watoto wa kijiji cha Kpalyili waanze kuvimba matumbo na kugeuka macho kuwa ya manjano, tunashuku sumu ya ukungu iliyomo ndani ya karanga. Sumu hiyo haina rangi, harufu wala ladha, nayo hula ini. Watoto wawili wameshazikwa. Wanawake wa kijiji, wakiongozwa na Mma Sanatu, bibi wa mmoja wa marehemu hao, wameyafungia mavuno yao ghalani. Hawali, hawauzi. Wanangoja tuwaambie magunia gani ni mazima. Mashine ya kutuambia imeshafika kutoka Ujerumani kwa msaada wa wafadhili, nayo imelala katika ghala la mizigo la uwanja wa ndege huko Accra, ikingoja msamaha wako. Ndipo yanapoanza malalamiko yangu, ambayo naomba uyasome kwa utulivu.

1. Sheria inasema kifaa cha utafiti kitaingia bila ushuru endapo hapa nchini hakuna kinachofanana nacho. Kamati ilitujibu kwamba kipo: mashine ya kusaga karanga, inayoundwa Kumasi. Sikubisha. Mimi ni nani? Nilipanda basi nikaenda Kumasi kwa fundi mwenyewe, Bwana Amponsah, nikamweleza kazi ambayo Serikali imemtambua kuwa anaiweza. Alicheka hadi akashika ukuta.

"Dada yangu," akasema, "hii yangu inasaga tu. Ukitia karanga, inatoa karanga. Ukitia kidole, inatoa kidole. Haiulizi mtu maswali."

Maneno hayo aliniandikia na kuyatia sahihi, nami nikayaleta kwenu. Mkajibu kwamba fundi asijidharau.

2. Nilikuja Accra kumwona Katibu wako, Bwana Quarcoo, ambaye alinikaribisha vizuri na kunipa kiti chenye miguu yote.

"Madam, hebu nieleweshe," akaniambia. "Hiyo mashine yenu inatafuta karanga mbovu, si ndiyo?"

"Ndiyo, Bwana Katibu."

"Sasa hilo nalo la kuagiza Ulaya? Nyanya yangu alikuwa anatia moja mdomoni, anatafuna. Akitema, mbovu. Akimeza, nzima. Maisha yake yote hakuwahi kukosea!"

"Hajambo lakini, huyo nyanya?"

"Alishatutoka."

"Pole sana. Aliugua nini?"

"Ini," akasema.

Kisha akavuta barua yangu, akagonga mhuri: KIFAA LINGANIFU KIPO NCHINI. Nakiri kipo nchini, Mheshimiwa. Hata kaburi lake naamini linajulikana.

3. Nilipitia uwanja wa ndege kuijulia hali mashine yetu. Nikiwa nimesimama mbele ya kasha lake, likaletwa jeneza lililofika na ndege ya siku hiyohiyo. Ndugu wa marehemu walikuwa wamekwisha kufika, wamevaa nyeusi na nyekundu. Afisa wa forodha akavua kofia, akapokea karatasi, akainamisha kichwa, na jeneza likatoka nje kabla sijamaliza waakye yangu, wali wa kunde niliokuwa nakula.

Nikamwendea yule afisa. "Samahani kaka, hawa wamelipa ushuru gani?"

Akanitazama kama mtu asiye na malezi. "Madam! Maiti halipi ushuru."

"Na hamkuuliza kama hapa nchini tuna maiti wanaofanana naye?"

"We mama, hebu toka hapa."

4. Kwa hiyo, Mheshimiwa, naomba kwa unyenyekevu mashine yetu itambuliwe kuwa ni maiti. Sifa inazo zote. Imelala sandukuni. Haipumui. Imetoka ughaibuni, na nyumbani inangojwa na watu waliokwisha kukata tamaa. Afisa wenu mwenyewe alinionya kwamba joto la ghala likiendelea itaanza kuharibika, jambo ambalo hakuna mashine ya kusaga iliyowahi kulalamikiwa.

Najua Kamati itauliza jina la marehemu. Tumeshampa. Itauliza ukoo wake: idara nzima ya kemia imekubali kuwa wafiwa, na mkuu wa idara atakuwa mjomba. Kuna seremala kule Teshie, anayechonga majeneza ya kila umbo, yuko tayari kutengeneza jeneza lenye umbo la karanga, na ameahidi kuacha tundu la waya wa umeme.

5. Endapo Kamati itataka waliaji, kwa kuwa msiba usio na vilio hutiliwa shaka, wanawake wa Kpalyili watakuja. Mwaka huu hawahitaji kufundishwa.

Nikikosa hili, basi naomba jambo dogo zaidi: nitangazwe mimi mwenyewe kuwa kifaa linganifu. Nitakaa ghalani, nitakula konzi moja ya karanga kutoka kila gunia, na ini langu litaandika ripoti. Mimi ni mzaliwa wa hapahapa na sidaiwi ushuru.

Nisalimie wajumbe wote wa Kamati, usimwache hata mmoja. Msalimie Bwana Quarcoo na mhuri wake. Yule afisa wa forodha mwambie namheshimu kwa adabu zake mbele ya wafu. Nyumbani kwako wote nawatakia afya.

Ni mimi, mlipa kodi mtiifu,
Dkt. Dzifa Akorli

Baada ya kutia sahihi: Mheshimiwa, usijisumbue kujibu. Mma Sanatu amenipigia simu sasa hivi. Wanawake wameulipa ushuru wote, na mashine imeruhusiwa.

Nilifurahi hadi nikaketi chini. Kisha nikamuuliza: "Mma, fedha mmezipata wapi?"

"Tumeuza karanga, mwanangu. Ghala zima."

"Mma! Si tulisema zisiuzwe?"

"Wewe ulisema hujui kama zina sumu. Na aliyenunua naye hakuuliza."

"Sasa mashine ije kupima nini?"

"Za mwaka kesho. Wale wawili hawarudi, lakini kuna wengine wamebaki."

Mnunuzi ametoka huko Accra, na malori yaliondoka jana. Sokoni gani yatashusha, hakuna ajuaye. Kwa hiyo mashine sitaileta Tamale kwanza. Nitaifungulia hukohuko na kuanza na masoko yenu. Hadi nitakapomaliza, nakuomba kwa heshima zote, wewe na watoto wako, msiguse supu ya karanga.